Kijivu au Chungwa

Jumatatu, 8 Septemba

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi ndani ya chai. Na Rodgers kapandisha nauli!

Huyu jirani yangu muuza gesi, mwenye IST iliyopasuka taa moja, ndiye anayembebea mke wangu Anyesi masufuria ya chakula kutoka hapa Nzuguni hadi maofisini Mtumba. Elfu kumi na tano kwa safari. Leo kasema elfu ishirini, eti kwa sababu ya harufu ya vitunguu. Harufu! Gari linanuka mitungi mwaka mzima, leo limepata pua.

Mengine ni heri. Anyesi amepata majaribio. Bi Hilaria, afisa anayeandaa semina kule Mtumba, amempa wiki nzima kuanzia tarehe 15. Watu arobaini. Chai saa nne kamili, chakula saa saba kamili. Akiweza, mkataba wa mwaka mzima. Akichelewa mara moja, basi. Bi Hilaria alisema hivyohivyo: mama, mara moja tu.

Kwa hiyo tunanunua gari letu. Anyesi ana milioni kumi na sita, za akiba ya vikoba na za shamba la alizeti aliloachiwa na mama yake kijijini Busi, huko Kondoa. Yeye anataka kirikuu, kile kigari cha petroli chenye bodi nyuma. Masufuria nyuma, turubai juu, kwisha. Nikamwambia petroli ni kuchoma noti. Dunia imehamia kwenye umeme. Unachomeka kama simu, asubuhi unaondoka! Nikamkumbusha kwamba nilianza mjini kwa kusukuma madumu ya maji, leo nina kiwanda cha matofali, na mfuko mmoja wa saruji mimi natoa tofali thelathini na nane. Wenzangu thelathini. Hesabu ni mimi.

Akamaliza kumenya kitunguu. Kisha akasema haya, Baba Gladness, chagua wewe. Lakini zile ni fedha za mama.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Nkuhungu kwa Abdulwahab, dalali wa magari, mtu wa Chemba, anaongea taratibu kama anakufariji msibani. Magari madogo ya umeme anayo mawili tu.

La kwanza la kijivu. La Kijapani, milango mitano, miaka kumi na mbili. Milioni kumi na tano na nusu. Kwenye dashibodi kuna viboksi vya kuonyesha afya ya betri. Vinatakiwa viwe kumi na viwili. Viko vinne. Nikauliza vinane viko wapi. Abdulwahab akaniuliza na yeye, mzee wangu, nyumba yako ina vyumba vingapi? Vinne. Na mnaenea? Tunaenea. Akanyoosha mikono kuonyesha kwamba ameshajibu.

La pili rangi ya chungwa. La Kichina, jipya, viti vina nailoni. Milango miwili, fupi kama friji iliyolala. Milioni kumi na tano na laki tisa. Karatasi inasema kilomita mia na ishirini kwa chaji moja. Nikauliza, na kwenye joto la Dodoma? Akasema betri mpya zinapenda joto. Na ile ya Kijivu? Ile joto halina cha kuifanya, imeshazoea.

Nikatoa futi yangu. Sufuria kubwa la wali lina sentimita sitini na mbili. Buti la Kijivu, tisini na tano. Buti la Chungwa, thelathini na nane. Unaingia mfuniko tu!

Nimerudi na namba kumi na saba kwenye daftari. Sijui zinasema nini.

Jumatano, 10 Septemba

Sijalala vizuri. Nimepiga hesabu mara tatu, nimepata magari matatu tofauti.

Hesabu ya kwanza: bei. Kijivu linashinda kwa laki nne. Hesabu ya pili: kilomita. Chungwa linashinda, kama karatasi ya China inazijua barabara zetu. Hesabu ya tatu: umeme, na hapo ndipo kichwa kilipopasuka. Sisi nyumbani tuko kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti sabini na tano kwa mwezi. Chai na chakula ni safari mbili, kilomita arobaini na nane kwa siku. Kwa mwezi uniti kama mia na themanini. Tutatolewa kwenye bei nafuu! Nikagawa: nusu nitachaji nyumbani, nusu kiwandani. Bado zinazidi thelathini. Hizo thelathini nimeziandikia alama ya kuuliza.

Rodgers alipita getini akaniona na futi na sufuria barazani. Akauliza kama nampimia Anyesi kofia. Nikamwambia nanunua gari la umeme. Akacheka hadi akashika nguzo. Akasema jirani, ukikwama usinipigie, nitakuwa nasikia harufu ya vitunguu.

Anyesi ameuliza nimefikia wapi. Nimesema karibu. Ameuliza karibu na lipi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempeleka fundi akayapime. Faustini, fundi umeme wa magari, hodari, mji mzima wanamjua. Tatizo moja. Ni Mhehe wa Iringa na mimi ni Mgogo. Watani! Tangu babu zetu, Mhehe na Mgogo wakikutana hakuna neno linalobaki salama, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Alianza kabla hajashuka kwenye pikipiki. Mgogo na gari la umeme, hii nchi itakoma, utapita nyumba kwa nyumba kuomba chaji! Nikamwambia mbwa wangu alipomwona asubuhi aliingia chini ya kitanda, mpaka sasa hajatoka. Sisi tunasingiziwa kuombaomba, wao kula mbwa. Abdulwahab akacheka hadi akasahau kuuza.

Kisha akachomeka kidude chake kwenye Kijivu, akatazama simu, akakunja uso. Akasema mtani, betri hii imechoka. Ikijaa kabisa utapata kilomita thelathini na nane, zaidi ya hapo unasukuma. Nikacheka. Akasema sitanii. Lakini mtani gani aliwahi kusema natania?

Akaenda kwenye Chungwa. Akasema hili ni zima, litafika mia bila shida. Sufuria haliingii? Kiti cha abiria kinatoka, boliti nne tu, weka masufuria hapo mbele. Nikacheka tena. Mke wangu aende Mtumba kaukumbatia wali mahali pa kiti! Akasema gari la umeme ukikanyaga breki, umeme unarudi kwenye betri. Hapo nilikaa chini. Machozi! Kwa hiyo nikisimama sana litajaa?

Nikamuuliza, sasa vile viboksi vinane vya Kijivu vilivyopotea vitarudi lini? Akacheka, akanipiga bega. Akasema vitaota tu, mtani. Gari ni kama ng'ombe mgeni, halijazoea zizi. Lilishe kidogokidogo siku tatu, usilishibishe, na mchana usilipe zaidi ya nusu saa. Utaona vinaota kimoja kimoja.

Hilo nimeliandika.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya uamuzi. Nimechora mistari miwili kwenye daftari: KWELI na UTANI. Uzoefu wangu wa miaka ishirini ni kwamba katika maneno kumi ya Mhehe, saba ni utani. Faustini alisema maneno kumi. Kwa hiyo natafuta ya kweli matatu.

Nayapataje? Rahisi. Mtani akitania hukunja uso ili umwamini. Akisema kweli hucheka ili usimwamini. Aliyoyasema kakunja uso: betri kuchoka, kiti kutoka, umeme kurudi kwenye breki, waya wa chaji uwe wa peke yake kutoka kwenye mita, gari lisivutwe kwa kamba, na mawili mengine. Saba! Aliyoyasema akicheka: viboksi vitaota, lilishwe kidogokidogo, mchana nusu saa tu. Matatu! Saba na tatu. Hesabu haijawahi kunikalia sawa namna hii tangu nizaliwe.

Nimenunua Kijivu. Nilimshusha Abdulwahab hadi milioni kumi na tano na laki mbili. Aliumia sana, nilimwona. Kisha akanipa na kapeti za miguuni bure.

Anyesi amelizunguka mara mbili. Amefungua buti, ameingiza sufuria, limeingia. Akasema vizuri. Akauliza Faustini kasemaje. Nikasema kasema vizuri sana, anatania tu kama kawaida yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kwanza ya kulilisha. Nimechomeka kwenye soketi ya pasi, saa tatu tu, nikachomoa. Soketi ilikuwa ya moto na ina harufu, lakini hata pasi hufanya hivyo.

Halina sauti! Nimepita mbele ya duka la Rodgers mara nne na hakugeuka hata mara moja. Mara ya tano nikapiga honi. Akatoka, akaangalia, akauliza nani kanisukuma hadi hapo.

Viboksi: vinne.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya aibu, naandika kwa ufupi.

Baada ya ibada nilisema nikamsalimie dada yangu Priska, Buigiri. Kilomita ishirini na tano. Anyesi alikataa, akasema gari lipumzike, kesho ndiyo kesho. Nikaenda peke yangu. Gari jipya lisipoonwa na ndugu ni la nani?

Nilifika na alama ya kobe kwenye dashibodi. Linatembea kama linasindikiza jeneza. Priska alifurahi, akapiga vigelegele, akauliza ninakula nini. Nikasema mimi nimeshiba, ila naomba kuchomeka gari. Akasema chomeka tu kaka, umeme upo. Baada ya saa moja na nusu, nyumba nzima ikazima. Uniti zake tatu zilizobaki za mwezi zimeingia kwenye Kijivu! Shemeji alikuwa anasikiliza mpira redioni, timu yake inapiga penalti. Alitoka nje akasimama akiangalia gari.

Nikakimbilia kwa wakala kununua umeme wa LUKU. Mtandao hakuna. Nikaaga.

Nimezimika kabla ya kufika Mtumba, katikati ya kipande cha lami kisicho na mti wala mtu. Nani apite? Rodgers, anatoka Chamwino kupeleka mitungi! Alishuka, akavuta hewa kwa pua, akasema hapana, leo hakuna vitunguu. Kanivuta kwa kamba ya ng'ombe hadi nyumbani, taratibu, dirisha wazi, akiwapungia watu.

Anyesi ameshika kiuno. Amesema kesho nimkodi Rodgers, elfu ishirini siyo kitu. Nimekataa. Buigiri ni ishirini na tano, Mtumba ni kumi na mbili, na gari lilikuwa halijashiba kwa makusudi. Isitoshe bado siku moja viboksi viote. Nimemwapia. Amesema Baba Gladness, mimi sitaki kiapo, nataka saa saba kamili.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelichomoa alfajiri likiwa theluthi mbili. Siku ya tatu, usilishibishe!

Chai: tumefika saa nne kasoro dakika kumi. Bi Hilaria alikuwa mlangoni anaangalia saa, akaitikia kwa kichwa. Maandazi ya moto. Nilimtazama Anyesi kama kusema unaona? Anyesi alikuwa anahesabu vikombe.

Tukarudi salama. Mshale wa dashibodi ulikuwa unarudi nyuma kila nikikanyaga breki. Kipimo kimeharibika. Nikachomeka saa tano na nusu, na saa sita kamili nikachomoa. Anyesi akauliza mbona mapema. Nikasema mchana ni nusu saa tu, ndiyo dawa. Akauliza dawa ya nini. Tulikuwa tumechelewa kubeba, sikueleza.

Wali sufuria moja, ndizi na nyama sufuria moja, mchicha, tikiti limekatwa. Ihumwa tumepita vizuri. Kobe akatokea. Kilomita mbili kabla ya geti, saa sita na dakika thelathini na tano, Kijivu limekaa kimya. Ila kimya cha safari hii kilikuwa kingine.

Nikasema tusubiri kidogo betri ipoe. Nikafungua boneti. Sijui nilitegemea kuona nini, kule ndani hakuna hata cha kumwagia maji. Arobaini wanangoja, na mimi nimeshika fimbo ya boneti!

Anyesi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua kanga ya begani, akasimama katikati ya barabara, akasimamisha kirikuu kilichobeba viti vya harusi. Dereva, kijana mmoja wa Kimeru anaitwa Elisante, akasema mama nina haraka. Sikusikia alichomwambia, nilisikia mwisho tu: mwanangu, nibebe, nikikosa leo nimekosa mwaka. Wakashusha viti pembeni, wakapandisha masufuria. Sufuria la wali alilipakata mwenyewe.

Mimi nimebaki kulinda viti mia moja na hamsini. Wanaopita walidhani nauza. Wawili waliuliza bei.

Aliingia mlangoni saa saba kasoro dakika tatu.

Jumanne, 16 Septemba

Anyesi amemkodi Elisante wiki nzima. Elfu kumi na mbili kwa safari. Rahisi kuliko Rodgers, kumbe! Nimeliandika kama faida niliyoileta mimi.

Baada ya kazi alienda mwenyewe kwa Faustini, mimi nyuma. Akamwambia fundi, mimi ni Mrangi wa Busi, mimi na Wahehe hatuna utani. Niambie. Faustini akavua kofia. Akamwambia mama, betri imekwisha, nilimwambia mzee kilomita thelathini na nane. Akamwambia yote, kiti, waya, kamba, breki. Anyesi akauliza na hiyo dawa ya nusu saa ni nini. Faustini akanitazama. Akasema mtani, ulifanya kweli? Viboksi vya betri viote? Kama mchicha?

Nikajifanya nakagua pikipiki yake. Alimwomba Anyesi msamaha mara tatu. Akasema mama, nilidhani najibizana na mtu mzima.

Dakika mbili zilimtosha Anyesi kumwelewa fundi ambaye mimi nilimchorea mistari. Hapo kuna jambo la kulifikiria. Nimelifikiria. Kosa si langu, kosa ni la kabila.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkataba umepatikana! Mwaka mzima, kuanzia Jumatatu tarehe 29. Bi Hilaria amesema chakula ni kizuri ila kilichomshawishi ni kumwona mama ameingia Jumatatu amepakata sufuria, jasho linatiririka, dakika tatu kabla. Akasema huyu hatachelewa.

Sasa fikiria. Kijivu lisingezima, asingepakata sufuria. Nilimwambia Anyesi hivyo mezani. Aliinuka akaenda kulala na sahani yake.

Kijivu limeuzwa kwa Faustini, milioni tisa, kwa ajili ya mota na viti. Anyesi ndiye aliyeuza. Kesho anaenda na Elisante kuangalia kirikuu. Sijaalikwa.

Jumapili, 28 Septemba

Kirikuu kiko uani tangu jana. Cheupe, bodi nzima, turubai jipya. Anyesi amekijaza mafuta hadi juu kwa kazi ya kesho, siku ya kwanza ya mkataba. Ameniachia niendeshe. Amesema kazi yangu ni usukani, hesabu atafanya yeye. Sawa. Nimeumia lakini sawa.

Ila mtu wa vitendo hakabidhiwi gari bila ushauri. Nimepata fundi mpya, Jordan, pale Majengo. Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi nao ni watani zetu, najua, nani asiyejua? Lakini huyu hacheki. Nilikaa naye saa nzima, amekunja uso mwanzo hadi mwisho. Nilishajifunza kwa gharama: anayecheka ndiye anayetania.

Amenieleza kitu ambacho Faustini asingekijua. Gari la petroli likibadilisha mwenyewe, siku ya kwanza ya kazi lazima liende na mafuta ya kuhesabu mpaka tangi likauke kabisa, ili lisahau mafuta ya bosi wa zamani. Usipofanya hivyo litakunywa kama la kwake maisha yote. Aliniambia mtani, sitanii. Uso kama jiwe.

Leo jioni, Anyesi akiwa ndani anachambua mchele, nimenyonya mafuta yote kwa mpira. Dumu mbili, nimezificha nyuma ya matofali. Kisha nikapiga hesabu, tena kwa kalamu. Lita moja ni kilomita kumi na mbili. Kutoka hapa hadi geti la Mtumba ni kilomita kumi na mbili.

Nimerudisha lita moja. Haizidi, haipungui.